Langston Hughes Hakuionea Haya Lugha ya Kwao

Wapo wenzetu hapa shuleni wanaodhani kwamba Chama cha Kiswahili ni kimbilio la walioshindwa na fizikia. Siku ya mkutano wetu utawasikia: "Ninyi endeleeni kughani, sisi tutakuwa mainjinia!" Hata baba yangu mzazi aliniuliza likizo iliyopita, "Hayo mashairi yatakulipia kodi ya nyumba?" Sikuwa na jibu. Leo ninalo, nalo nimelipata mbali, Marekani.

Langston Hughes alizaliwa Joplin, jimbo la Missouri, mwanzoni mwa karne ya 20. Wazazi wake walitengana, akalelewa na nyanya yake mjini Lawrence, Kansas. Alipokuwa shule ya msingi huko Illinois, darasa lilimchagua kuwa mshairi wao. Kichekesho ni kwamba hakuwa ameandika hata ubeti mmoja! Baadaye alieleza kuwa wenzake Wazungu waliamini kila Mweusi huzaliwa na mdundo mwilini. Walimchagua kwa dhana tu, naye akaigeuza kuwa kazi ya maisha.

Baba yake, aliyekuwa akiishi Meksiko, alitaka kijana asomee uinjinia. Kumbe akina baba wote ni wamoja! Mwaka wa 1921 Hughes aliingia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, lakini baada ya mwaka mmoja akaacha. Sisemi tumuige, nisije nikaitwa ofisini. Tena yeye mwenyewe alirudi masomoni, akahitimu katika Chuo Kikuu cha Lincoln mwaka wa 1929. Kabla ya hapo alionja chungu na tamu: alikuwa baharia hadi Afrika Magharibi mwaka wa 1923, akaosha vyombo Paris, akaondoa sahani mezani katika hoteli moja mjini Washington. Diwani yake ya kwanza, The Weary Blues, ilitoka 1926, na riwaya yake, Not Without Laughter, ikafuata 1930.

Alichokifanya kikubwa, kwa maoni yangu, ni kusikiliza. Alisikiliza wapishi, madobi, wacheza muziki na walevi wa mtaa wa Harlem, akayaweka maneno yao katika ushairi jinsi yalivyotoka mdomoni. Loo, alilaumiwa! Diwani ya pili ilipotoka 1927, baadhi ya magazeti ya Weusi wenyewe yalimshambulia kwamba anawaaibisha mbele ya Wazungu. Hakutetereka. Tangu 1943 alimtumia mhusika aitwaye Simple, mtu wa kawaida mwenye maneno mengi, katika safu yake ya gazeti la Chicago Defender. Watu wa mitaani walijisoma wenyewe wakacheka, na katikati ya kicheko wakaona dhuluma waliyotendewa.

Somo hili limenigusa kwa sababu muhula uliopita niliandika hadithi yenye makanga wa matatu. Makanga wangu akasema, "Karibuni abiria wapendwa, gari litaondoka punde." Nilipoisoma mbele ya chama, kila mtu aliangua kicheko. Makanga gani huyo? Wa kweli hupiga kelele, "Beba beba, mbao tao! Wawili waende!" Nilikuwa nimemvisha tai mtu ambaye hakuiomba. Niliogopa kukatwa alama.

Mtu ataniuliza, "Basi tuandike insha kwa Sheng?" La hasha! Hughes alikijua Kiingereza sanifu barabara, ndiyo maana aliweza kuchagua wakati wa kukiacha. Asiyejua sanifu hachagui, anaropoka tu. Msimulizi wangu atabaki na sanifu yake, lakini makanga nitamrudishia mdomo wake.

Kuna jambo lingine linalotuhusu zaidi. Mwezi wa Juni 1962 Hughes alifika hapa jirani, Makerere, Kampala, kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi wa hapo, alikuwapo pia. Lakini mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, pamoja na diwani na riwaya zake zote, hakuwa na kiti pale kwa sababu aliandika kwa Kiswahili. Mwezi huohuo akafariki dunia. Nikifikiria hayo nasikitika. Mgeni aliyeiheshimu lugha ya watu wake alifika mlangoni petu, nasi hatukumwonyesha mwandishi wetu aliyefanya vivyo hivyo. Ngũgĩ baadaye aliliona kosa hilo, akageukia Kikuyu.

Hughes alifariki mwaka wa 1967 mjini New York, baada ya miaka mingi ya kuishi kwa kalamu. Kwa hiyo baba, jibu langu ni hili: kodi ililipwa, ingawa kwa shida. Nanyi mainjinia wa kesho, karibuni mkutanoni. Daraja mtatujengea, lakini nani atawasimulia wajukuu habari za waliolivuka, na kwa lugha gani? Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa.

Mwanachama, Kidato cha Tatu