Rangi ya Waya si Ushahidi

Watu wengi wakishika waya mwekundu huamini mara moja kwamba wameshika upande chanya wa umeme, na wakishika mweusi huamini kwamba wameshika upande hasi. Imani hiyo ina manufaa yake, kwani viwanda vingi hufuata desturi hiyo. Hata hivyo imani si kipimo. Mahali ambapo tofauti ya mambo hayo mawili huonekana wazi, tena kwa hasara, ni katika vifaa vya bei rahisi vya kuigeuza skrini ya kawaida ya kompyuta mpakato ndogo kuwa skrini ya kugusa.

Mwezi wa Oktoba 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa kompyuta mpakato ndogo iitwayo Eee PC 701, yenye skrini ya inchi 7 na nukta 800 kwa 480. Ilikuwa ya bei nafuu, lakini skrini yake haikuwa ya kugusa. Muda si mrefu wafanyabiashara wakaanza kuuza vifurushi vyenye vitu vitatu: kioo chembamba cha kubandikwa juu ya skrini, kibao kidogo cha kudhibiti, na nyaya za kukiunganisha kibao hicho na njia ya USB ya kompyuta. Mnunuzi alitakiwa kuifungua kompyuta, kukipachika kioo, na kulehemu nyaya nne ndani yake. Kompyuta hizo leo ni za zamani, na nyingi zimelala makabatini, lakini vifurushi vya namna hiyo kwa ajili ya skrini ndogo havijatoweka sokoni. Navyo vikiwa vya bei ya chini sana, mara nyingi huja bila maelezo, au maelezo husema jambo moja na nyaya husema jingine.

Kanuni za USB ziko wazi. Waya mwekundu ni wa volti 5, mweusi ni wa upande hasi, mweupe na kijani ni wa kupitishia data. Lakini kanuni hizo hazimzuii mtengenezaji wa kibao cha bei rahisi kutumia waya wowote uliobaki kiwandani. Mnunuzi anayeunganisha kwa kufuata rangi peke yake anaweza kuupeleka umeme kinyume katika kibao, na kibao hicho kikaungua kabla hajakigusa kioo hata mara moja. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hata hivyo si haki kuulaumu urahisi wa bei peke yake, maana kosa hilo lingeweza kugunduliwa kwa mita ya kawaida katika muda wa dakika chache.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kufahamu jinsi kioo hicho kinavyofanya kazi. Kioo cha nyaya nne kina tabaka mbili zinazotazamana, kila moja ikiwa imepakwa utando mwembamba unaopitisha umeme na unaopenyeza mwanga, ambao kwa kawaida ni oksidi ya indiamu na bati. Tabaka hizo zimetenganishwa na vinundu vidogo mno. Tabaka ya kwanza ina nyaya mbili katika kingo za kushoto na kulia. Ya pili ina nyaya mbili katika kingo za juu na chini. Kidole kikibonyeza, tabaka hugusana mahali pamoja. Kidhibiti huweka volti 5 katika tabaka moja na kuitumia tabaka nyingine kusoma volti ya mahali palipoguswa. Palipoguswa pakiwa robo ya upana kutoka ukingo wa hasi, volti itakayosomwa ni 1.25. Kisha kidhibiti hubadilisha zamu za tabaka na kupima kwa upande wa pili.

Kila mwanafunzi wa fizikia aliyewahi kutelezesha kigusio juu ya waya wa sentimita 100 katika jaribio la potenshiomita atatambua kwamba jambo hili si geni kwake. Skrini hiyo ni jaribio lile lile lililotandazwa pande mbili. Tofauti ni kwamba mezani darasani mwanafunzi husoma rula, na katika skrini kidhibiti husoma volti.

Kutokana na maelezo hayo, kasoro za nyaya zinaweza kutabiriwa kabla ya kuonekana. Nyaya mbili za tabaka moja zikibadilishana nafasi, kishale kitakwenda kushoto kidole kinapokwenda kulia, kama sura katika kioo cha kujitazamia. Kosa hilo haliharibu kitu. Lakini waya mmoja wa tabaka ya kwanza ukibadilishana na waya mmoja wa tabaka ya pili, kidhibiti kitakuwa kinaweka volti kati ya tabaka mbili zisizogusana. Hakuna mkondo utakaopita mpaka mtu abonyeze, na hata akibonyeza kishale kitaruka ovyo. Na upande wa USB, nyaya mbili za data zikibadilishana, kompyuta kwa kawaida hutangaza kwamba imekiona kifaa lakini haikitambui. Zikibadilishana nyaya za umeme, kibao hupata joto upesi na huenda kikafa.

Ipo pia kasoro iliyojificha zaidi, nayo ni kiungo kibaya cha lehemu. Mathalani, tabaka yenye ukinzani wa omu 400 ikiunganishwa katika upande wake chanya kwa kiungo chenye ukinzani wa omu 100, jumla itakuwa omu 500. Katika volti 5, volti moja itapotea katika kiungo, na ukingo wa kioo utapata volti 4 tu. Kwa hiyo kishale hakitafika mwisho wa skrini. Kitaishia penye asilimia 80 ya safari yake. Programu ya kusawazisha inaweza kuificha dosari hiyo kwa siku chache. Lakini kifuniko cha kompyuta kinapofunguliwa na kufungwa, kiungo hutikisika, ukinzani wake hubadilika, na kishale huanza tena kuhama. Mwenye kompyuta huilaumu programu, huiondoa na kuiweka upya mara kwa mara, na ubovu unabaki pale pale ulipokuwa.

Dawa ya mambo haya yote ni utaratibu wa kupima, nao hauhitaji elimu ya chuo kikuu. Kwanza betri na waya wa chaji huondolewa kabisa. Pili, nyaya nne za kioo hupimwa ukinzani zikiwa hazijaunganishwa na kitu chochote. Nyaya nne hutoa jozi sita. Katika kioo kizima, jozi mbili tu ndizo zitakazoonyesha omu mia kadhaa, na kila moja ya jozi hizo ni tabaka moja. Jozi nne zilizobaki hazitaonyesha mwendelezo wowote mpaka kioo kibonyezwe. Zikionyesha mwendelezo bila kubonyezwa, tabaka zimegusana. Na sababu yake huenda ikawa fremu ya plastiki inayokibana kioo pembeni. Katika hali hiyo kulegeza skrubu kunaweza kuponya ugonjwa ambao mwingine angeutibu kwa kununua kibao kipya.

Tatu, hupimwa waya wa USB. Katika kichwa cha kawaida cha USB kuna vipande vinne vya shaba kwa mstari; viwili vya pembeni ni vya umeme na viwili vya katikati ni vya data. Mita ikiwekwa kati ya kila kipande na kila waya, itaonyesha ni waya upi unaokwenda wapi, rangi yake iwe iwayo. Kama kifurushi hakikuja na kichwa, upande hasi wa kibao hutafutwa kwa kupima mwendelezo mpaka eneo pana la shaba linalozunguka kibao, ambalo kwa kawaida ndilo la hasi. Nne, kompyuta huwashwa kabla kibao hakijaunganishwa, na volti hupimwa mahali umeme unapokusudiwa kuchukuliwa. Wapo waliochukua nyaya za data katika nafasi ya kadi ya ndani, wakadhani na umeme wa volti 5 umo humo humo, kumbe nafasi hiyo ina volti 3.3. Baada ya hayo yote kupimwa na kuandikwa ndipo pasi ya kulehemu ishikwe. Na kikitokea kisichotarajiwa, hubadilishwa jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha mawili kwa pamoja hatajua ni lipi lililoponya au lililoharibu.

Huenda mtu akasema kwamba rangi zimewekwa ili zifuatwe, na kwamba kuzitilia shaka ni kumvuruga mwanafunzi. Historia ya umeme wenyewe inajibu hoja hiyo. Nchini Uingereza, waya mweusi katika nyumba ulikuwa kwa miaka mingi waya usio na moto. Mwaka 2004 rangi mpya ziliruhusiwa, na tangu 2006 zikawa za lazima katika kazi mpya. Katika mpangilio huo, mweusi umekuwa mojawapo ya nyaya za moto katika umeme wa njia tatu. Nchini Marekani waya mweusi ni wa moto. Rangi ile ile, basi, inaweza kuwa salama katika nyumba moja na kuwa hatari katika nyingine. Rangi ni makubaliano ya watu, na makubaliano hubadilika. Volti iliyopo kati ya nyaya mbili haiulizi makubaliano hayo.

Wengine watasema kwamba skrini za namna hii zimepitwa na wakati, kwani simu za leo hutumia njia nyingine ya kuhisi kidole bila kubonyeza. Ni kweli. Lakini hilo ndilo linaloifanya skrini ya zamani kuwa mwalimu mzuri. Katika simu ya leo kila kitu kimefungwa ndani ya vipande visivyofunguka, na mwanafunzi haoni ila matokeo. Katika kioo cha nyaya nne, Kanuni ya Ohm iko mbele ya macho, inaweza kupimwa kwa mita ya bei ndogo, na volti 5 haziwezi kumdhuru mtoto kama zinavyoweza volti 230 za ukutani. Tahadhari kubwa ni betri ya lithiamu, ambayo haina budi kuondolewa mapema na isiruhusiwe kamwe kupiga shoti.

Liko swali linalowahusu walimu moja kwa moja. Mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri katika jaribio la Kanuni ya Ohm, akachora grafu iliyonyooka, na bado akarudi nyumbani akaunganisha kifaa kwa kuamini rangi. Hali hiyo inaonyesha kwamba amefundishwa kupima kile alichoambiwa apime, wala hakufundishwa kuuliza ni nini kinachohitaji kupimwa. Katika jaribio la darasani saketi huwa nzima na jibu hujulikana. Katika maisha saketi huwa mbovu na jibu halijulikani. Elimu isiyomfikisha mwanafunzi katika hali hiyo ya pili imemwacha njiani.

Kwa hiyo yafaa shule za sekondari zitenge vipindi vichache vya kutafuta ubovu. Si lazima kununua kitu. Kompyuta iliyokufa, kioo kilichopasuka kona, redio iliyonyamaza, au hata nyaya nne zilizofichwa ndani ya boksi lililofungwa, zenye rangi zilizobadilishwa na mwalimu kwa makusudi, vinatosha. Wanafunzi wapewe mita moja kwa kila kundi na karatasi ya kuandikia, wasiruhusiwe kulehemu wala kuwasha mpaka wameeleza kwa maandishi kila waya ni wa nini na wamejuaje. Alama zitolewe kwa ushahidi, hata kwa kundi ambalo halikumaliza, na zisitolewe kwa kundi lililobahatisha likapata. Mwalimu atakayefanya hivyo atawasikia wanafunzi wake wakibishana juu ya usomaji wa mita, na huo ndio ubishi unaostahili kusikika katika chumba cha sayansi.