Iridium: wabia 19, mkataba mmoja, na deni lisilo na mwenyewe

KWA wafanyabiashara wanaoingia ndani kabisa ya mashariki mwa Kongo, kule ambako mnara wa simu ni hadithi, simu ya setilaiti si kitu kigeni. Ni nene, ina antena kama mkono wa sufuria, na ukitaka kuipiga sharti utoke nje uione mbingu. Wachache wanajua kwamba mojawapo ya kampuni zinazotoa huduma hiyo, Iridium ya Marekani, iliwahi kufilisika vibaya sana, na kwamba jina la Afrika limo katika kesi iliyofuata.

Iridium ilifungua biashara tarehe 1 Novemba 1998 ikiwa na setilaiti 66 angani. Mradi ulimeza takriban dola bilioni 5. Simu yenyewe iliuzwa karibu dola 3,000, na dakika moja ya maongezi iligharimu dola 3 hadi 7. Miezi tisa tu baadaye, Agosti 13, 1999, kampuni ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai, baada ya kushindwa kulipa mikopo ya dola bilioni 1.5.

Maelezo tuliyozoea kusikia ni kwamba simu za kawaida za mkononi ziliiua. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Wakati mradi unabuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 hakuna aliyetegemea kwamba mitandao ya GSM ingesambaa kwa kasi ile. Hata kwetu, MTN ilikuwa imeshaingia Uganda na Rwanda mwaka 1998, na Vodacom ikafungua Tanzania mwaka 2000. Mfanyabiashara wa Kampala hakuwa na sababu ya kununua simu ya dola 3,000 isiyoshika ndani ya nyumba.

Nusu ya pili ni ubia wenyewe, na hapo ndipo penye mambo.

Iridium ilikuwa na wawekezaji wakuu 19, wakiwemo Motorola, Lockheed Martin, Raytheon, Sprint, kampuni za Japani, Italia na Ujerumani, Khrunichev ya Urusi na Great Wall ya China. Wengi walipewa eneo lao la dunia: wajenge kituo cha kupokelea mawimbi, watafute leseni, wauze simu. Afrika ilikuwa chini ya Iridium Africa, iliyokuwa na mtaji wa kundi la Mawarid la Saudi Arabia. Kwa hiyo makao makuu yalitangaza biashara duniani kote, maombi ya wateja zaidi ya milioni moja yakaingia, lakini wa kuyafuatilia walikuwa wabia wa maeneo. Wengine hawakuwa na maduka wala mawakala. Mwisho wa Machi 1999 mabenki yalitaka kuona wateja 27,000. Waliokuwepo ni kama 10,000.

Motorola ilikuwa na kofia tatu. Ilikuwa mbia. Ilikuwa fundi aliyelipwa dola bilioni 3.45 kujenga mtambo, na tena akapewa mkataba wa miaka mitano wa kuuendesha, wa karibu dola bilioni 2.9. Vilevile ilikuwa mdhamini wa mkopo wa benki. Sisi tuliosoma uchumi tulifundishwa kwamba mbia anapata faida kampuni inapopata faida. Hapa mbia mmoja alianza kulipwa kabla kampuni haijauza hata dakika moja. Wenye hati fungani walikuja kumshitaki baadaye wakidai mabilioni, lakini mwaka 2007 jaji wa New York hakukubaliana nao kwamba Iridium ilikuwa muflisi wakati fedha zile zinalipwa.

Aprili 1999 mkurugenzi mkuu, Ed Staiano, alijiuzulu. Aliyeitwa kushika usukani ni John Richardson, aliyekuwa akiongoza Iridium Africa. Akapunguza wafanyakazi na bei, kisha akakaa mezani na wadai. Mazungumzo yalikwama pale pale kila mara. Motorola ilisema haitoi fedha mpya mpaka wabia wengine nao watoe. Wengine hawakuona kwa nini watoe wakati fundi ameshalipwa. Mabenki nayo hayakukubali kupunguza deni kabla wabia hawajafungua mifuko.

Palikuwa na kifungu ambacho pengine wengi walikitia saini bila kukisoma mara mbili: kampuni ikikwama, wabia wangeweza kudaiwa mtaji wa akiba wa jumla ya dola milioni 243. Haki hiyo ilikuwa imewekwa rehani benki. Chase iliwafuata wabia mahakamani Delaware, na mdaiwa wa kwanza kwenye jalada ni Iridium Africa.

Motorola ilifikia hatua ya kupanga kuziangusha setilaiti zote ziungue angani. Desemba 2000 kundi la Dan Colussy, rais wa zamani wa Pan Am, lilizinunua kwa dola milioni 25. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliahidi dola milioni 72 kwa miaka miwili. Miongoni mwa waliotoa fedha alikuwamo mwekezaji wa Saudi Arabia aliyekuwa mbia tangu mwanzo, safari hii kwa bei ya kutupa. Bila deni la zamani mgongoni, kampuni ilisimama. Setilaiti mpya zilirushwa kati ya 2017 na 2019, na leo ina wateja zaidi ya milioni 2, wengi wakiwa ni vifaa vya kufuatilia meli, malori na mitambo.

Ukanda wetu ulikutana na swali hilohilo katika kebo ya EASSy, ambayo wabia walivutana kuhusu umiliki hadi Kenya ikajenga TEAMS yake. Kampuni ndogo zilijiunga chini ya WIOCC, zikaingia EASSy kwa sauti moja, na kebo ikaanza kazi mwaka 2010.

Sasa AST SpaceMobile inajenga mtandao wa setilaiti za kuongea na simu ya kawaida, na Vodafone, yenye maslahi Safaricom na Vodacom, ni miongoni mwa wanahisa wake. Kampuni za simu za huku zitakapoletewa mkataba, ukurasa wa kufungua kwanza ni ule unaosema nani anatoa fedha mtaji ukiisha.