Radio ya kusikiliza ndege: usinunue yenye kusema



Kijana mmoja wa Kolwezi ametuandikia barua ya kurasa tatu. Anapenda ndege tangu utoto, amemaliza masomo ya sekondari, na ameweka dolari 90 kidogo kidogo kwa kumsaidia shangazi yake kuuza mikate. Anataka kununua radio ndogo ya mkononi, ile wanaita skana, kusudi asikie mapiloti wanaposemezana na mnara wa kiwanja. Sokoni wamemwonyesha moja ya dolari 30, nyeusi, na antena fupi. Lakini baba yake amekataa kabisa: "Hiyo ni kitu cha wapelelezi, haitaingia nyumbani mwangu." Kijana anatuuliza: kati yetu wawili, nani ana haki?

Mwanangu, nitakujibu mbele ya watu wote, sababu ninajua hauko peke yako. Baba yako ana haki nusu. Na ile radio ya dolari 30 uiache pale pale sokoni.

Juu ya nini? Umeandika wewe mwenyewe kwamba iko na kifungo ubavuni cha kubonyeza wakati wa kusema. Basi ile si skana. Ni toki-woki, kama zile walinzi wa kampuni wanatembea nazo. Skana inasikia tu, haina mdomo. Nyingi za toki-woki za bei hiyo hata hazisikii ndege. Na zile aina mpya zinazosikia ndege, kifungo cha kusema kingali pale, na nyumbani kuko wadogo zako wenye kubonyeza kila kitu.

Wazee wetu wanaikumbuka foni ya misheni. Mmoja anasema, anamaliza, anaachia kifungo, ndipo mwingine anajibu. Wakisema wawili kwa mara moja, kila kitu kinaharibika. Ndege zinasemezana namna ile ile mpaka leo: wimbi moja, mapiloti wengi, mtu mmoja kwa zamu.

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kiwanja cha Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife cha Uispania, ndege mbili kubwa za Boeing 747 zilikuwa ndani ya ukungu mzito. Moja ya KLM ilianza kukimbia kusudi iruke. Ya pili, ya Pan Am, ilikuwa ingali juu ya njia ile ile. Mtu wa mnara alimwambia piloti wa KLM angoje, na wakati ule ule watu wa Pan Am walisema kwamba wangali njiani. Sauti mbili zilipanda pamoja. Ndani ya KLM wakasikia mlio mkali wa sekunde chache, na maneno yale ya maana yakapotea ndani yake. Watu 583 walikufa. Kulikuwa na makosa mengine pia siku ile, lakini fikiri juu ya zile sekunde chache. Mtoto akibonyeza kifungo mahali pabaya anaweza kuzifanya tena, na hatajua hata kidogo alichofanya.

Haya, sasa tununue. Radio ya kawaida ya FM inakwisha kwenye 108. Sauti za ndege ziko juu yake, kati ya 118 na 137 megahertsi, na zinatumia AM, si FM. Wakubwa wa ndege waliacha AM ikae kwa sababu moja nzuri. Katika FM, sauti yenye nguvu inaifunika ile dhaifu kimya kimya, wala hujui kwamba kulikuwa mtu mwingine. Katika AM zote mbili zinachanganyika na kupiga kelele, na wa mnara anajua: kuko wawili, nirudilie kuuliza. Kwa hiyo ukishika radio dukani, usiangalie rangi. Tafuta kwenye karatasi yake maneno mawili: AM, na 118–137. Moja ikikosekana, rudisha.

Mimi mwenyewe nilidanganyika. Zamani nilinunua radio yenye sindano, imeandikwa AIR kwenye kioo. Jioni ya kwanza nikasikia mtu anaomba kwa sauti kubwa, nikamwita mama watoto: "Njoo, piloti yuko katika hatari, anaomba!" Kumbe ilikuwa mahubiri ya kituo cha FM cha mjini yaliyoingia kwa nguvu ndani ya ile mashini dhaifu. Nyumbani wananicheka mpaka leo. Kama unakaa karibu na antena ya FM, jaribu radio pale pale kwako kabla ya kutoa pesa yote.

Kuko aina tatu ambazo siogopi kuzitaja. Uniden BC125AT, na ndugu yake wa Ulaya UBC125XLT, ni skana kweli: inashika namba 500, inazipitia haraka, inasimama pale mtu anaposema, na inatumia mapile mawili madogo ya kawaida, ndiyo wengine wanaita mawe. Icom IC-R6 ni ndogo zaidi tena nzuri, lakini bei yake inapanda. Ya tatu si skana, ni radio ya nyumbani: Tecsun PL-680. Ina wimbi la ndege, na tena mawimbi mafupi ya habari za ngambo, pamoja na FM. Kuzunguka namba inakwenda polepole. Lakini kwa nyumba yenye radio moja tu, mimi ningechukua hii, sababu baba atapata habari zake na mama nyimbo zake, na hakuna atakayeuliza tena pesa ilikwenda wapi. Dolari zako 90 labda hazitatosha kwa mpya. Ya mkono wa pili si haya, lakini fungua mahali pa mapile uone kama hapana kutu ya kijani.

Sasa matumizi. Kifungo kimoja kinasumbua wote wanaoanza, kinaitwa skwelchi. Ni kama mlango wa kuzuia ile kelele ya "shshsh". Ukiufunga sana, ndege ya mbali haitaingia. Ufungue mpaka kelele itoke, kisha uurudishe polepole mpaka inyamaze, uache hapo hapo.

Antena nayo. Ile fupi ya mpira inabebeka vizuri, lakini wimbi la ndege lina urefu karibu wa mita 2,4, na robo yake ni sentimita 60. Antena ya kuvuta yenye urefu huo itakupa zaidi. Usisikilize chini ya mabati, toka uani. Na mvua ya radi ikianza, ingia ndani na uache radio ilale. Radi ya Katanga unaijua.

Watu wengi wanalalamika: "Ninasikia piloti, lakini mnara siusikii, radio ni mbovu." Hapana, si mbovu. Wimbi hili linakwenda sawasawa kama jicho linavyoona, halipiti ndani ya mlima. Ndege iliyo mita 10.000 juu inaweza kusikika karibu kilomita 400. Ikiwa mita 3.000, karibu 220. Lakini antena ya mnara yenye mita 20, mtu aliyesimama chini anaisikia labda kilomita 24 tu. Kwa hiyo mtu wa Likasi hatausikia mnara wa Luano, lakini ndege inayokwenda huko ataipata. Na aliye Lubumbashi anaweza kuipata ndege inayoanza kushuka kwenda Ndola, kule Zambia. Usipande mlima wa mabaki ya mgodi kutafuta sauti. Ule una wenyewe, na wenyewe wana walinzi.

Anza na namba 126,9. Wengi hawaijui, na kwetu ndiyo tamu kuliko zote. Anga ya Afrika ni kubwa, na kuko sehemu ambazo wenye kuongoza ndege hawafikii kwa sauti vizuri. Ndiyo maana mashirika ya ndege yalikubaliana kwamba kila piloti aseme mwenyewe kwenye 126,9, bila kungoja jibu: mimi ni fulani, niko kimo hiki, natoka hapa, naenda pale, saa fulani nitapita mahali fulani. Wengine wanasikia na kujipanga. Anga ya Kongo imo ndani ya utaratibu huo. Utasikia "Ethiopian" au "Kenya" na namba, kisha "flight level three three zero", ndiyo futi 33.000, karibu kilomita 10. Wanasema Kiingereza, na kwenye viwanja vyetu Kifaransa pia. Chukua daftari, andika saa, jina, kimo. Juma la kwanza hutashika kitu, ni kama mtu anayesema na mhogo mdomoni. Juma la tatu masikio yatafunguka. Wewe unayetaka kuwa piloti, hiyo ni shule: tangu 2008 piloti wa safari za kimataifa anapimwa Kiingereza chake cha radio.

Namba 121,5 ni ya hatari, dunia nzima. Mara nyingi iko kimya, na ni vizuri iwe hivyo.

Sasa ile nusu ya haki ya baba. Kusikiliza si jambo la bure kila mahali. Marekani, sheria ya 1986 inaruhusu mtu kusikiliza mawasiliano ya ndege. Uingereza, sheria ya 2006 inakataza kusikiliza yasiyokuhusu bila ruhusa, ingawa skana zinauzwa dukani. Kwetu mambo ya mawimbi yako mikononi mwa ARPTC. Nenda ofisini kwao pamoja na baba yako, mkaulize kabla ya kununua, na mkijibiwa ombeni karatasi. Tena hata ukiwa na karatasi, usisimame kwenye ua wa kiwanja na antena mkononi. Askari wa zamu hatasoma kwanza, atakamata kwanza. Uani kwenu panatosha.

Na yale unayosikia yabaki kwenye daftari lako. Ukisikia ndege ina shida, usirekodi, usitume kwa WhatsApp. Kuko mama mahali fulani anayemngojea mtoto wake aliye ndani ya ndege ile, na hafai kupata habari hiyo kutoka kwako.

Basi barua hii mpe baba asome. Akikubali, siku ya kwanza radio aishike yeye. Mkae uani jioni, 126,9, skwelchi wazi kidogo. Kisha utuandikie: ndege gani ilipita, kimo gani, na baba alisema nini.