Bwana Marlon Green, Rubani Aliyefungua Mlango

Subira huvuta heri, wasema wazee. Lakini iko subira ya mtu akaaye kitako akingoja, na iko subira ya mtu adaiye haki yake mwaka baada ya mwaka bila kuchoka. Hii ya pili ndiyo iliyokuwa subira ya Bwana Marlon Green, Mmarekani Mweusi aliyetoka jeshini akataka kuwa rubani wa ndege za abiria.

Bwana Green alizaliwa mwaka 1929 katika mji wa El Dorado, jimbo la Arkansas, ambako siku zile watoto Weusi na Weupe hawakusoma shule moja. Alipokuwa kijana aliingia Jeshi la Anga. Mwaka 1948 Rais Truman alitoa amri ya kukomesha ubaguzi wa rangi jeshini, na hivyo kijana huyo akapata kufunzwa urubani, akapanda hata cheo cha kapteni. Kazi yake ya mwisho ilikuwa huko Japani, akiendesha ndege za uokoaji, zile ziwezazo kutua hata juu ya maji. Saa alizoruka angani zilipita 3,000.

Mwaka 1957 aliacha jeshi akaanza kuandikia makampuni ya ndege. Alikataliwa mara nyingi. Alipojaza fomu ya kampuni ya Continental, alikuta nafasi ya kuandika kabila la mwombaji na mahali pa kubandika picha. Nafasi hiyo akaiacha tupu, wala picha hakuibandika. Basi wakubwa wa kampuni waliposoma fomu waliona kazi aliyoifanya tu, wakamwita Denver kujaribiwa. Alipofika ndipo walipoiona rangi yake. Alijaribiwa kuendesha ndege, akafaulu. Hata hivyo Weupe waliokuwa na saa chache kuliko zake wakaandikwa kazi, yeye akaachwa.

Hakurusha mawe wala matusi. Mwaka ule ule jimbo la Colorado lilikuwa limetunga sheria ya kukataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya rangi yake. Bwana Green akapeleka mashtaka mbele ya halmashauri iliyowekwa kuisimamia sheria hiyo, nayo ikaona kwamba amedhulumiwa, ikaamuru apewe nafasi ya mafunzo.

Kampuni haikukubali, ikaenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa hii: ndege zake hupita juu ya majimbo mengi, na kama kila jimbo litakuwa na sheria yake juu ya rangi za watu, kazi itakwama, kwa hiyo sheria ya jimbo moja haiwezi kuifunga. Mahakama za Colorado zikakubaliana na kampuni. Miaka ikapita. Bwana Green, mwenye mke na watoto wa kulisha, akashika kazi za hapa na pale. Kesi hakuiacha.

Tarehe 22 Aprili 1963, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu, na majaji wote walikuwa na sauti moja. Hukumu iliandikwa na Jaji Hugo Black, mzaliwa wa Alabama. Alieleza kwamba mtu huandikwa kazi mahali pamoja, hata kama baadaye kazi yenyewe itampeleka majimbo mengi. Tena, kwa kuwa sheria za kulazimisha ubaguzi zilikwisha kuwa batili chini ya katiba, hakuna jimbo liwezalo kuamuru kinyume cha Colorado. Hoja ya kampuni ikaanguka.

Kabla Bwana Green hajaanza kazi, mwaka 1964 kampuni ya American Airlines ilimwandika Bwana David Harris, Mweusi mwingine aliyetoka Jeshi la Anga. Hivyo aliyeufungua mlango hakuwa wa kwanza kuupita. Bwana Green alianza kazi Continental mwaka 1965, miaka 8 baada ya kujaza ile fomu. Mwaka 1966 akawa kapteni, akaendesha ndege hata alipostaafu mwaka 1978. Alifariki mwaka 2009. Mwaka uliofuata kampuni ile ile iliyomkataa ilipaka jina lake juu ya ndege yake moja, aina ya Boeing 737.

Vijana wanaotafuta kazi na watafakari mambo mawili. Kwanza, kama Bwana Green angalikosa zile saa 3,000, kampuni ingalipata sababu nyepesi ya kumkataa, na kesi isingalisimama. Pili, saa zile peke yake hazikumpatia kazi. Ilihitajika sheria, na mtu wa kuidai mpaka mahakama ya mwisho. Ustadi bila haki hubaki nje ya mlango, na haki isiyodaiwa hulala kitabuni.