Hesabu Haifungwi Mpaka Wote Wapatikane

Karani yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya dirisha la benki anaijua jioni ngumu. Milango imekwisha kufungwa, wateja wameondoka, fedha zimehesabiwa, lakini hesabu haikubali. Pengine upungufu ni shilingi mia moja tu. Hata hivyo hakuna anayechukua mkoba wake kwenda nyumbani. Vocha hupitiwa upya moja baada ya moja mpaka kosa lionekane. Desturi hiyo ndiyo ambayo wastaafu wa benki, wa Mhunze na kwingineko, wangefaa kuihamishia katika makundi yao ya simu. Safari hii kinachohesabiwa si shilingi, bali ni watu.

Undugu wa watumishi hawa una historia yake. Baada ya Azimio la Arusha, mwezi Februari 1967, benki binafsi zilitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ikaundwa. Kwa miaka mingi kijana aliyeajiriwa huko aliweza kuhamishwa kutoka Mtwara hadi Bukoba, kutoka Tanga hadi Shinyanga. Mahali pageni, ndugu wa kwanza alikuwa mfanyakazi mwenzake. Pamoja walikesha katika misimu ya malipo ya pamba, pamoja walizikana. Mwaka 1997 benki hiyo iligawanywa, ikazaliwa NBC mpya na NMB, na wengi wa watumishi wa zamani wakatawanyika, wengine kwa kustaafu na wengine kwa kupunguzwa kazini. Waliorudi Kishapu walishika jembe, ng'ombe na duka dogo. Simu ya mkononi ndiyo iliyowakusanya tena.

Kisha ukaja UVIKO-19. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Shule zilifungwa na mikusanyiko ikapunguzwa, lakini watu hawakuzuiwa kutoka majumbani, na mabasi yaliendelea na safari. Hivyo, upweke wa wazee wengi haukuletwa na amri ya kujifungia. Uliletwa na hofu: hofu ya msibani, hofu ya kanisani na msikitini, na hofu ya hospitali yenyewe. Baada ya mwisho wa Aprili 2020 takwimu za ugonjwa hazikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka, na katika ukimya huo kila kundi la simu likawa chombo cha habari, kwa wema na kwa ubaya.

Hebu mstaafu mmoja achukuliwe kuwa mfano. Ni mjane wa miaka sabini, anaishi pembezoni mwa Mhunze, ana shinikizo la juu la damu na kisukari. Watoto wake wako Mwanza na Geita. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza kuwaamkia wenzake kwenye kundi. Wiki moja salamu zake zikakoma. Wenzake themanini waliendelea kutumiana mafundisho ya dini, picha za zamani na tetesi za dawa. Hakuna aliyetambua pengo, kwa sababu katika umati kila mmoja hudhani mwenzake amekwisha kupiga simu. Siku ya kumi zikaja habari za msiba, na kabla jua halijatua mchango wa maziko ulikuwa umekamilika. Mfano huu ni wa kubuni, lakini wengi wanaousoma watakumbuka jina la mtu.

Hapo ndipo penye kasoro. Makundi haya yana nidhamu kubwa ya kuzika na nidhamu ndogo ya kujuliana hali. Mweka hazina yupo, daftari la michango lipo, kiwango cha rambirambi kinajulikana. Lakini hakuna aliyepewa jukumu la kuuliza kwa nini fulani amenyamaza.

Kujuliana hali si adabu tu, ni afya. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliunganisha matokeo ya tafiti 148 zilizohusisha watu zaidi ya laki tatu. Walibaini kwamba wenye mahusiano imara na watu walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi kwa takribani asilimia 50 ule wa waliopungukiwa na mahusiano hayo, katika kipindi walichofuatiliwa. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke. Shirika hilohilo, mwezi Machi 2020, lilikuwa limewahimiza watu kutofautisha umbali wa miili na umbali wa kijamii, kwa kuwa ni ule wa kwanza tu uliohitajika ili kuzuia maambukizi.

Madhara mengine yalikuja kwa njia ya dawa. Uchunguzi wa Shirika hilo katika nchi 155, uliofanyika Mei 2020, ulionyesha kwamba matibabu ya shinikizo la damu yalikuwa yamevurugika, kwa sehemu au kabisa, katika asilimia 53 ya nchi hizo, na ya kisukari katika asilimia 49. Mgonjwa anayeogopa kliniki huanza kwa kuruka mwezi mmoja. Swali moja la rafiki, "Vidonge vimebaki vingapi?", laweza kumrudisha kabla mshipa wa ubongo haujapasuka.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Ujumbe wa maandishi hauna pumzi. Baadhi ya wagonjwa wa UVIKO-19 walifika hospitalini wakitembea wenyewe na kusema hawajambo, ilhali oksijeni katika damu yao ilikuwa imeshuka vibaya. Kwa wazee, dalili ya mwanzo wakati mwingine haikuwa homa wala kikohozi, bali kuchanganyikiwa, kukosa hamu ya kula au udhaifu wa ghafla. Anayeandika "niko salama" anaweza kuificha hali hiyo. Anayezungumza hawezi kuificha kwa urahisi. Sikio la mwenza wa miaka thelathini litasikia sentensi inayokatika katikati kwa kukosa hewa, au jina la mtoto lililosahaulika. Dalili kama hizo hazingoji kesho, ni za kupelekwa hospitali saa hiyohiyo.

Kwa hiyo kundi la watu themanini lifaa ligawanywe katika vikundi vya watano watano. Kila kikundi kiwe na siku yake ya kupigiana simu, na asiyepatikana atafutwe mpaka apatikane, kama ile shilingi mia ya jioni. Tetesi za tiba zisisambazwe kabla ya kuulizwa mtumishi wa afya. Na ile amana ambayo kila mfanyakazi wa benki alifundishwa tangu siku ya kwanza, siri ya mteja, ihame pamoja nao: ugonjwa wa mtu ni mali yake, na hautangazwi kundini bila ridhaa yake.

Wako watakaosema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli. Rafiki aliyeko Dar es Salaam hawezi kumbeba mgonjwa wa Mhunze, na wapo wazee wasio na simu janja, hata wasio na umeme wa kuchaji simu ndogo. Lakini aliye mbali akimwona nyoka anaweza kumpigia kelele aliye karibu. Ndiyo maana kila jina katika daftari la kundi linahitaji namba ya pili: ya jirani, ya balozi wa nyumba kumi, au ya mhudumu wa afya wa kijiji. Simu ya kawaida isiyo na intaneti yatosha kwa kazi hiyo.

Watumishi wa afya nao wana sehemu yao. Katika kliniki ya shinikizo la damu mgonjwa hupimwa uzito na sukari, kisha huandikiwa dawa. Yafaa aulizwe pia: Unaishi na nani? Nani alikupigia simu wiki hii? Nani anajua dawa unazotumia? Maswali hayo huchukua dakika mbili, na majibu yake yaandikwe kwenye faili. Asiye na jina la kutaja ndiye wa kutembelewa kwanza. Chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, wazee na wenye magonjwa sugu walikuwa miongoni mwa waliopewa kipaumbele. Lakini mzee aliyejitenga hasikii tangazo, na hata akilisikia, huamini zaidi sauti anayoijua.

Makali ya janga lile yamepita, ila kisukari, shinikizo la damu na upweke vimebaki, na janga jingine halitapiga hodi. Waliozoea kukesha kwa ajili ya fedha za watu wengine wana ujuzi wote unaohitajika. Jioni ya leo, kabla ya kulala, kila mmoja afungue orodha ya wenzake, amtafute aliyenyamaza muda mrefu kuliko wote, na ampigie.