Chema Hakikujiuza: Michezo ya Kompyuta Iliyosahauliwa na Somo Lake Kwetu

Wazee wetu walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri, na mara nyingi ni ya kweli. Lakini katika biashara moja kubwa ya siku hizi, nayo ni biashara ya michezo ya kompyuta, methali hii imepinduliwa. Humo chema kimekaa rafuni kikaingia vumbi hata kikasahauliwa, na kile kinachojitembeza ndicho kilichoingia ndani ya simu za watoto wetu.

Najua wako wasomaji ambao wakiona maneno "michezo ya kompyuta" watafunua ukurasa mwingine. Watasema kwamba huo ni upuuzi wa kumpotezea mtu wakati wake, hata adhana ikapita naye hana habari. Siwalaumu. Lakini nawaomba wanistahimilie kidogo, kwa kuwa jambo ninalotaka kulieleza si la mchezo peke yake. Ni jambo la kuuza na kununua, la mali na amana, na hayo ni mambo ambayo dini yetu imeyawekea sheria tangu zamani.

Tuanze na habari yenyewe. Mwaka 2014 kampuni ya Ufaransa iitwayo Ubisoft ilitoa mchezo wa mbio za magari, The Crew. Watu waliununua kwa pesa zao, wengine wakapewa diski mkononi. Lakini mchezo huo ulitengenezwa kwa namna ambayo hauwezi kwenda ila uunganishwe na mitambo ya kampuni kwa njia ya intaneti, hata kwa mtu anayecheza peke yake chumbani. Tarehe 31 Machi 2024 mitambo hiyo ikazimwa. Tangu siku ile diski imekuwa kipande cha plastiki tu. Wachezaji wawili wa California walikwenda mahakamani mwaka uo huo, na jibu la kampuni likawa kwamba walichokinunua ni kibali cha kuutumia mchezo, wala si mchezo wenyewe.

Jambo hili liliwaudhi wengi. Mmarekani mmoja, Ross Scott, alianzisha kampeni iitwayo Stop Killing Games, na ombi rasmi lililoelekezwa kwa Umoja wa Ulaya likapata sahihi zaidi ya milioni 1 kufikia mwezi Julai 2025. Huko California nako, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2025 yamkataza muuzaji kuandika neno "nunua" juu ya bidhaa ya namna hii bila ya kumweleza mteja wazi kwamba anapewa kibali tu.

Hebu tulipime jambo hili kwa mizani yetu wenyewe. Mtu akinunua bao la mvule kwa fundi, bao ni lake. Atacheza yeye, atacheza mwanawe, na baada yao watacheza wajukuu barazani. Fundi hawezi kurudi usiku akalichukua kwa hoja kwamba alichouza ni ruhusa ya kutia kete. Angefanya hivyo, mtaa mzima ungemwita mwizi. Basi kwa nini kitendo hicho hicho kikifanywa kwa waya na mitambo kiitwe biashara?

Tena hilo si la pekee. Michezo mingi inayotiwa katika simu leo hutolewa bure, lakini bure hiyo ni chambo. Mtoto akishaingia, huambiwa alipe ili afungue kasha asilojua lina nini ndani yake. Huenda akapata silaha adimu au mchezaji mashuhuri wa kandanda. Huenda akapata takataka. Mwezi Aprili 2018 serikali ya Ubelgiji ilitamka kwamba makasha ya namna hii katika baadhi ya michezo ni kamari, na kwamba yanavunja sheria ya nchi. Sisi tuliosoma chuoni hatukuhitaji kuwangoja Wabelgiji. Wanazuoni wetu walitufunza tangu zamani kwamba haifai kumuuza samaki angali baharini, kwa kuwa mnunuzi hajui atapata nini, wala kama atapata. Huo ndio gharari. Na kutoa mali kwa kutumaini bahati, ukipata umepata na ukikosa umekosa, ni maisiri, iliyokatazwa waziwazi katika Sura ya al-Maida.

Hapo ndipo nionapo thamani ya michezo ya zamani, na hasa ile iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa ikakosa wanunuzi. Ilikuwa na sifa mbili ambazo leo zimekuwa adimu. Kwanza, bei yake ilijulikana siku ya kununua. Ukishalipa, umemalizana na muuzaji. Pili, ilikuwa na mwisho. Hadithi ilianza, ikaenda, ikakoma, na mchezaji akainuka akaenda zake. Nitataja mitatu, kwa kuwa kila mmoja una funzo lake.

Wa kwanza ni The Last Express, wa mwaka 1997. Mtunzi wake ni Mmarekani, Jordan Mechner, ambaye mwaka 1989 alikuwa ametoa Prince of Persia, mchezo wa mtu anayemkimbilia binti mfalme katika jumba la waziri dhalimu, kwa mtindo wa visa vya Alfu Lela Ulela ambavyo wengi wetu tulivisikia tukiwa wadogo. Katika The Last Express alisafiri mbali zaidi. Hadithi yatokea ndani ya treni ya Orient Express iliyotoka Paris tarehe 24 Julai 1914 kuelekea Constantinople, siku chache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kulipuka. Ndani mna Mjerumani muuza silaha, mpiga fidla wa Austria, vijana wa Kiserbia wenye siri, na Warusi walioanza kugawanyika wao kwa wao. Kila abiria husema lugha yake.

Ajabu ya mchezo huu ni kwamba saa yake haimngoji mtu. Abiria hula, hugombana, hunong'ona na kulala kwa wakati wao, uwepo usiwepo. Ukisimama kusikiliza mlango mmoja, umeyakosa yanayosemwa nyuma ya mlango mwingine. Watengenezaji walikwenda hata wakapata behewa la zamani la treni hiyo huko Athens ili waipate sura yake sawasawa, na waigizaji walipigwa filamu kwanza, kisha wakachorwa juu ya picha zao. Kazi hiyo ilichukua miaka minne hivi. Ulipotoka, wafanyakazi wa idara ya kutangaza bidhaa katika kampuni iliyouchapisha, Brøderbund, walikuwa wameacha kazi wiki chache kabla, na mchezo haukupata wa kuunadi. Haukuchukua muda ukatoweka madukani, na kampuni ya Mechner ikafunga. Chema hakikujiuza.

Kwa maoni yangu huu ni mchezo wa watu wazima, maana mna mauaji ndani yake. Lakini kwa mtu apendaye historia, sijui kitabu kinachomwonyesha vizuri zaidi jinsi dunia ilivyokuwa ikicheka mezani huku vita vikibisha hodi. Tena vita hivyo havikubaki Ulaya. Ndivyo vilivyokuja kuwazoa babu zetu wa pwani na wa bara, wakabebeshwa mizigo ya majeshi mpaka ndani ya Tanganyika iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, na wengi wao hawakurudi.

Wa pili ni Ico, uliotolewa na Sony mwaka 2001 kwa mashine ya PlayStation 2, ukiongozwa na Mjapani Fumito Ueda. Kijana aliyezaliwa na pembe kichwani anapelekwa na watu wa kijiji chake kwenye ngome kuu tupu, akafungiwe humo. Anaponyoka, anamkuta msichana naye ni mfungwa. Hawaelewani lugha. Basi anamshika mkono, na kazi yote ya mchezo ni kumwongoza msichana yule hadi nje, ukuta kwa ukuta, daraja kwa daraja. Kiooni hakuna hesabu ya pointi wala maandishi ya kukuhimiza. Kuna upepo, mwanga wa jua na mkono ulioshika mkono.

Ico haukuuzwa sana ulipotoka. Hata hivyo Hidetaka Miyazaki, ambaye leo ni mmoja wa watengenezaji mashuhuri kabisa wa michezo duniani, amesema kwamba mchezo huo ndio uliomfanya aingie katika kazi hii. Mwaka 2011 ulitolewa upya kwa PlayStation 3 pamoja na ndugu yake, Shadow of the Colossus. Ndugu huyo alitengenezwa tena upya mwaka 2018 kwa PlayStation 4. Ico ukaachwa nyuma. Kwa wasomaji wetu una faida moja zaidi: kwa kuwa maneno yake ni machache mno, hata asiyejua Kiingereza ataufuata.

Wa tatu ni Beneath a Steel Sky wa mwaka 1994, kazi ya kampuni ya Uingereza iitwayo Revolution, na baadhi ya picha zake zimechorwa na Dave Gibbons, mchoraji maarufu wa vitabu vya katuni. Wahusimulia Robert Foster, aliyelelewa jangwani kisha akachukuliwa kwa nguvu na kupelekwa katika mji ambao mafukara huishi na kufanya kazi ghorofa za juu, kwenye moshi na mashine, na matajiri hukaa chini wakistarehe. Hauhitaji wepesi wa vidole bali akili: kuuliza, kutazama na kuunganisha mambo.

Lakini sababu yangu ya kuutaja si hadithi yake tu. Mwaka 2003 wenyewe waliomiliki haki zake waliutoa bure kwa umma, kwa hiari yao. Yuko mtu aweza kuupata leo kihalali, bila ya kulipa senti na bila ya kumdhulumu mtu, akauchezea kwa programu ya bure iitwayo ScummVM, ambayo hufanya kazi katika kompyuta kuukuu na hata katika simu. Kwangu mimi tendo hilo lakaribia wakfu: mtu ana mali, faida yake kubwa amekwisha kuipata, basi aiachilia watu wanufaike.

Kwa bahati mbaya walio kama hao ni wachache. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation la Marekani lilitoa uchunguzi wake kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haiuzwi tena madukani. Haipatikani kwa njia ya kawaida. Anayeitaka aitafute diski ya zamani na mashine ya zamani, nazo zinaharibika mwaka hadi mwaka. Hata kazi ya mtu mashuhuri haisalimiki. Maandishi asilia ya programu ya Prince of Persia yalidhaniwa kuwa yamepotea, mpaka mwaka 2012 baba yake Mechner alipoyakuta nyumbani katika diski za zamani. Yangetupwa siku moja na takataka, yasingeonekana tena.

Sisi watu wa pwani twalijua jambo hili. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, haukutufikia kwa sababu ya duka lolote. Ulitufikia kwa kuwa watu waliunakili kwa mkono na kuuhifadhi majumbani, na wanakili kama Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, walitumia maisha yao katika kazi hiyo. Kinachonakiliwa huishi. Kilichofungiwa kwa kufuli la kampuni hufa siku kampuni ikichoka nacho.

Makampuni nayo yana hoja zao, na si haki kuzificha. Husema kwamba kuiweka mitambo ikifanya kazi ni gharama, na kwamba haiwezekani kulazimishwa kuendelea milele kwa ajili ya wachezaji wachache waliobaki. Hilo ni kweli. Lakini hakuna aliyewaomba umilele. Kinachoombwa ni kwamba siku ya kufunga duka, mnunuzi aachiwe kitu kinachoweza kwenda chenyewe. Aidha mtunzi ana haki yake, nami simwambii mtu aibe kazi ya mwenzake. Haki hiyo, lakini, ina pande mbili: muuzaji apate bei yake, na mnunuzi apate bidhaa yake.

Basi kwa mzazi ambaye mwanawe amekuja kumwomba pesa za mchezo, nashauri aulize maswali matatu kabla ya kutia mkono mfukoni. Je, mchezo huu utachezeka intaneti ikikatika? Je, bei yake yote yajulikana leo, au kesho utadai tena? Je, una mwisho? Michezo hii mitatu niliyoitaja yajibu maswali hayo bila ya kigugumizi. Mingi inayojitembeza kwenye simu haitaweza kujibu hata moja.

Sisemi kwamba mtu aache sala wala kazi kwa ajili ya mchezo, uwe wa zamani au wa sasa. Nasema kwamba ikiwa vijana wetu watacheza, na hapana shaka watacheza, ni heri wacheze kitu kilichotengenezwa na fundi aliyeiheshimu kazi yake na mteja wake. Wazee walisema pia kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Mali ambayo mwenyewe aweza kuivuta wakati wowote akiwa mbali ng'ambo si mali, hata ukiwa na risiti yake mkononi.