Mwacheni mzee aunde mtepe wake

Msomaji mpenzi, juma hili sitazungumzia malaria wala kipindupindu. Nataka tuzungumze kuhusu chombo kidogo cha mbao, chenye urefu wa mita moja hivi, ambacho hakijagusa maji na huenda kisiyaguse kamwe. Tafadhali usifungue ukurasa mwingine. Chombo hicho kilinifunza jambo ambalo sikufunzwa chuoni nilikosomea udaktari, na nilijifunza baada ya kukosea.

Mgonjwa wangu mmoja hapa Busia, ambaye ameniruhusu nisimulie habari zake bila kumtaja jina, aliendesha malori kati ya Mombasa na Malaba kwa zaidi ya miaka 30. Ni mzaliwa wa Lamu. Alioa huku kwetu, na alipostaafu akaamua kubaki huku. Wewe unayeishi kando ya barabara hii unajua maisha ya dereva: foleni, mizani, usingizi wa kuibia, chakula cha haraka. Alipostaafu, ghafla hakukuwa na mtu wala mzigo unaomngoja popote. Shinikizo la damu, ambalo lilikuwa limetulia kwa vidonge, likaanza kupanda. Nikamshauri atafute shughuli ya kumtuliza.

Alirudi baada ya majuma mawili na picha mfukoni. Ilikuwa picha ya mtepe.

"Daktari, nitaunda huu," akaniambia.

"Mzee, umewahi kuunda kitu chochote cha mbao?" nikamuuliza.

"Hata kigoda sijawahi."

Nilicheka. Nikamwambia aanze na kitu kidogo, kama vile kigari cha wajukuu, kwani kazi kubwa namna hiyo ingempandisha presha badala ya kuishusha. Naye akatabasamu kwa heshima, akaikunja picha yake, akaenda zake. Sikumwona tena kliniki kwa miezi mitano. Siku aliyorudi aliletwa na mwanawe. Alikuwa ameacha dawa, halali usiku, na mchana kutwa anashinda kilabuni upande wa pili wa mpaka. Shinikizo lake lilikuwa 180 kwa 110. Mtu wa namna hiyo yuko hatua chache tu kutoka kwa kiharusi.

Siwezi kudai kwamba kicheko changu pekee ndicho kilichomfikisha hapo. Lakini nilikuwa nimempa dawa kwa mkono mmoja, kisha nikamnyang'anya kwa mkono wa pili. Ndiyo maana naandika leo.

Kwa nini mtepe?

Kwa wale wasioujua, mtepe ni chombo cha kale cha pwani yetu, hasa cha Lamu na visiwa vyake. Haukupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nyuzi za nazi na kushikizwa kwa vijiti, na tanga lake la pembe nne lilikuwa la mkeka. Ulitoweka mapema katika karne ya 20. Mifano yake midogo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu, na mnamo mwaka wa 2003 mafundi huko Zanzibar waliunda mtepe mzima ili ustadi huo usipotee. Usidhani ni mambo ya pwani pekee. Hata katika ziwa letu, mitumbwi mikubwa ya visiwa vya Ssese, Uganda, ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kabla ya misumari kuenea.

Sasa fikiria ugumu wake kwa mtu anayeanza. Katika vyombo vingi vya mfano, unasimamisha kwanza mkuku na mataruma, kisha mbao zinafuata umbo lililokwisha kuwekwa. Katika mtepe, mbao hushonwa kwanza na mataruma huingizwa baadaye. Hakuna kinachokuongoza ila jicho lako. Kila tundu sharti lilingane na tundu la ubao wa pili, na matundu ni mamia. Mimi hushona ngozi za watu karibu kila juma, lakini kazi hiyo naiogopa.

Kwa hiyo, wanaosema "anza na kidogo" wana hoja. Wengi huanza makubwa, wakachoka, wakatupa vipande chini ya kitanda. Hata hivyo, nimegeuza maoni yangu. Ushauri huo unamfaa mtu anayetaka kujifunza useremala. Haumfai mtu anayetafuta sababu ya kuamka asubuhi. Kigari cha wajukuu hakikumwita mzee yule. Mtepe ulimwita, kwa sababu ndani yake mlikuwa na utoto wake. Akili iliyostaafu haihitaji kupumzishwa zaidi. Inahitaji swali gumu ambalo imelichagua yenyewe.

Kinachohitaji kuwa kidogo ni kazi ya siku moja, si chombo. Kumbuka meli ya William Mackinnon, mojawapo ya meli za kwanza za mvuke katika Ziwa Victoria. Iliundwa Uskoti, ikaletwa Afrika Mashariki ikiwa vipande vipande, na vipande hivyo vikasafirishwa nchi kavu hadi ziwani katika miaka ya 1890. Meli ilishushwa majini mwaka wa 1900. Hakuna mpagazi aliyebeba meli. Kila mmoja alibeba mzigo wake. Basi nawe leo toboa ubao mmoja, na kesho ushone shubiri moja. Madereva wana msemo wao waliouandika nyuma ya malori: Kawia ufike.

Mambo ya kujihadhari nayo

Lakini mimi ni daktari, na sitakuacha ushike kisu bila kukuonya.

La kwanza ni mbao zenyewe. Busia hatukosi mbao za bure: makreti ya nyanya sokoni na mapaleti katika maegesho ya malori. Kabla ya kuchukua paleti, tazama muhuri wake. Herufi HT zina maana kwamba mbao zilitibiwa kwa joto, hizo zinafaa. Herufi MB zina maana kwamba zilifukizwa kwa gesi ya sumu ya kuua wadudu, ziache. Achana pia na mabaki ya nguzo zenye rangi ya kijani, kwani nyingi zimetiwa dawa yenye aseniki. Usizipige msasa wala usizipikie.

La pili ni vumbi. Mwaka wa 1995, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na uwazi ulio karibu nayo. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa maseremala wanaolivuta kwa miaka mingi, si kwako unayepiga msasa nusu saa. Hata hivyo, vumbi la mbao ngumu kama mvule huwasha ngozi na laweza kuamsha pumu. Kwa hiyo, piga msasa nje, upepo ukitoka nyuma yako. Vaa barakoa ya aina ya N95, leso haitoshi. Ukimaliza, pangusa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, na usifanye kazi hiyo katika chumba wanamolala watoto.

La tatu ni gundi. Gundi nyeupe ya mbao inayochanganyika na maji yatosha kwa kazi nyingi. Gundi ya mafundi viatu ina mvuke unaolevya na kudhuru ubongo. Usiitumie dirisha likiwa limefungwa, wala usiiache mahali ambapo vijana wataifikia. Supaglu ikikunata vidole, usivute kwa nguvu. Viloweshe kwa maji vuguvugu yenye sabuni hadi viachane vyenyewe. Ikiingia jichoni, usilazimishe kope kufunguka. Nenda hospitali mara moja.

La nne ni kisu. Kisu butu ni hatari kuliko kikali kwa sababu hukulazimisha kukaza mkono, kisha kinateleza. Kata kuelekea nje ya mwili. Ukijikata, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi hadi damu ikome, kisha kioshe kwa maji mengi na sabuni. Usitie tumbaku, mafuta ya taa wala udongo. Ikiwa kidole hakikunjiki au kimekufa ganzi, huenda mshipa umekatika. Fika hospitalini siku hiyo hiyo. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda. Wenye kisukari na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wazungumze na daktari wao kabla ya kununua kisu.

La mwisho ni macho na mgongo. Baada ya miaka 40, lenzi ya jicho hukakamaa na vitu vya karibu hufifia. Mimi mwenyewe nimefika hapo. Usikimbilie miwani ya mchuuzi wa barabarani kabla ya kupimwa, kwani huenda tatizo likawa presha ya macho, ambayo hupofusha polepole bila maumivu. Kaa mahali penye mwanga wa kutosha, uinue macho mara kwa mara kutazama mbali, na usimame utembee kila baada ya nusu saa.

Kwenu mlio nyumbani

Nina neno pia kwa mke, mume na watoto wa mtu wa namna hii. Najua mtasema kwamba huo ni mchezo wa matajiri na kwamba heri angelima mboga. Lakini kreti kuukuu, sindano na kigunzi cha uzi havigharimu hata robo ya kile kinachopotelea kilabuni. Mpeni kona na meza. Msimwulize kila siku atamaliza lini, maana swali hilo huua kazi nyingi. Mwulizeni leo ameshona wapi. Mkiweza, mpelekeni Port Victoria au Sio Port akawatazame mafundi wa mitumbwi. Atajifunza kwao kwa saa moja mambo ambayo mimi singeweza kumwambia kwa mwaka.

Mzee wetu je? Nilimwomba radhi, na nikamwambia alete ile picha. Alianza upya mwaka uliopita. Amekwisha kushona mbao tano kila upande, lakini upande wa kushoto umepanda kuliko wa kulia, na mwezi jana alifumua kazi ya majuma matatu kwa mikono yake mwenyewe. Nilidhani atakata tamaa. Aliniambia tu kwamba sasa amejua kosa lilianzia wapi.

Sidai kwamba mtepe umemtibu. Shinikizo la damu halitibiwi kwa sindano na uzi, na yeyote atakayeacha vidonge kwa sababu ya makala haya atakuwa amenisoma vibaya. Mzee anameza dawa zake kila asubuhi. Kilichobadilika ni kwamba sasa anazimeza bila kukumbushwa, kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, hataki kufa kabla ya kusuka tanga.

Kwa hiyo, msomaji, iwapo baba yako, jirani yako au wewe mwenyewe mmechagua jambo kubwa kuliko uwezo wa leo, msicheke kama nilivyocheka mimi. Ulizeni tu kama kisu ni kikali na dirisha li wazi. Hadi juma lijalo, nakutakia afya njema.